Kelele za Mwananchi Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeletewa hotuba ya Meya ya Jumamosi. Urefu wake: saa mbili na dakika arobaini. Nimeanza asubuhi, na hadi jioni nimefika dakika ya kumi na nane. Kichwa kinagonga. Namchukia mtu huyu. Nimeandika, na sifuti.

Siasa zake hazinihusu. Awe wa chama gani, potelea mbali! Ninachochukia ni anavyosema. Hamalizi sentensi! Akikaribia mwisho anasimama, ananyoosha kipaza sauti kwa watu, anasubiri wammalizie. "Mimi na nyinyi ni chanda na...?" Watu: "Pete!" Jibu likiwa hafifu anadai hajasikia, anarudi mwanzo. Kila sentensi! Hata salamu! Katikati anakunywa maji, kipaza sauti kikiwa kooni, nami nalisikia funda likishuka hadi tumboni. Halafu "eeeh" moja ndefu. Halafu anajiita Meya wenu. Meya wenu ameamka, Meya wenu amekula, Meya wenu ana mafua.

Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu wa baraza la mji. Vipokea sauti masikioni, kanyagio la kurudisha nyuma mguuni, vidole kwenye kompyuta. Mkutano wowote wa baraza, uwe ukumbini au uwanjani, lazima uandikwe. Kilichomo kwenye kumbukumbu ndicho kilichosemwa. Kisichomo hakikusemwa, hata kama mji mzima ulisikia. Kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye ninayemmalizia Meya sentensi zake. Yeye anasema chanda na, wananchi wanasema pete, mimi naandika "chanda na pete" kana kwamba yote yametoka kinywani mwake. Hakuna aliyeniagiza. Ni maumbile tu: sentensi ikining'inia, mwili unaniwasha. Na asante sijawahi kupewa.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa mstari wa mbele Jumamosi, na sauti imemkauka kwa kujibu. Amenieleza kwa kunong'ona, kwa mara ya sita, jinsi Meya alivyomnyooshea kipaza sauti yeye hasa, katika umati wote ule. Mke wangu naye uso unang'aa. Kibanda chake cha kushonea kiko soko la zamani, huu mwaka wa kumi na tano, na tangu Januari kuna fununu kwamba soko litavunjwa pajengwe maegesho ya magari. Jumamosi Meya ameahidi hadharani kwamba halivunjwi. Mke wangu ameniomba jambo moja tu: ahadi ile niiandike vizuri, maana Jumamosi ijayo viongozi wa soko watachukua nakala. Anasema ahadi ya mwanasiasa bila maandishi ni moshi. Nimemwambia aondoe shaka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dakika ya thelathini na moja. Meya ameuliza "Tuko pamoja, hatuko...?" mara tisa. Nimehesabu!

Nimejaribu kubadilishana kazi na Nukta. Huyu ni mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita hivyo kwa sababu anasahihisha nukta hata kwenye kadi za harusi. Yeye ana kumbukumbu za kamati ya majitaka: wazee watatu, kikao cha dakika ishirini, kila mtu anamaliza analosema. Pepo tupu! Amekataa. Eti Meya ananifaa mimi. Ni kijicho, hamna kingine. Nafasi ya mwandishi mkuu iko wazi na anajua fika kwamba ni yangu.

Ikabidi nitumie akili. Nimekwenda zahanati nikasema sikio la kulia limeziba, nahitaji wiki mbili bila vipokea sauti. Muuguzi amechungulia, amesema hakuna kitu. Nimekaza kwamba sisikii kabisa, dunia nzima ni giza la masikio. Amezunguka nyuma yangu, akanong'ona kwamba zipu yangu iko wazi. Mkono ukaenda wenyewe! Amenirudisha kazini na barua kwa Katibu wa baraza, kwamba nasikia vizuri kuliko watu wengi. Nukta ameipokea mlangoni, ameisoma, ameongeza koma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nilipanga jambo la kistaarabu. Pale mlango mkuu wa baraza kuna sanduku la maoni, na Meya hujisifu kwamba husoma kila barua. Nimeandika moja kwa mkono wa kushoto, bila jina, kwa heshima zote. Nimesema mimi ni mwananchi mpenda mji, na ninamshauri Mheshimiwa awe anamaliza sentensi zake, kwani wananchi nao wana shughuli zao. Nimeitumbukiza saa mbili asubuhi. Nilirudi mezani nikipiga mluzi.

Saa tisa alasiri Meya alikuwa anafungua choo kipya cha stendi. Redio ya mji ilirusha moja kwa moja, na Katibu huifungulia sauti ofisi nzima isikie. Meya akatoa karatasi mfukoni. Nikaitambua: barua yangu! Akasema kuna ndugu yetu mmoja analalamika kwamba Meya wenu hamalizi...? Umati: "Sentensi!" Hajasikia! "SENTENSI!" Na mtu anayechukia wananchi kusema pamoja na kiongozi wao, mtu huyo ana...? "WIVU!" Dakika ishirini na mbili juu ya barua yangu! Choo chenyewe kilipata dakika nne. Nukta alicheka hadi akavua miwani kuifuta. Kisha Katibu akaniambia hotuba hiyo nayo niiandike mimi.

Nimefika nyumbani. Mama mkwe alikuwa na redio mapajani, sauti imemrudi kidogo. Amesema aliyeandika barua ile hakufunzwa na mamaye. Nimekula nikiangalia sahani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Basi! Imetosha! Maji yamezidi unga!

Nimefungua kabati nikatoa mwongozo wa waandishi wa kumbukumbu, kile kijitabu cha kijani ambacho hakisomwi na mtu. Kifungu cha saba: maneno ya msemaji yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwake, bila kuongeza wala kupunguza; sauti za wasikilizaji zitajwe kwa jumla, ndani ya mabano. Kumbe miaka kumi na mmoja nimekuwa nikivunja kifungu cha saba kwa kumhurumia! Leo huruma imekwisha. Anatamka nusu? Ataandikwa nusu. Mji usome wenyewe uone ulimchagua nani.

Nimefuta yote nikaanza upya. Vidole vilikuwa vinaruka. Tazama:

"Ndugu zangu, mimi na nyinyi ni chanda na... (Kelele za wananchi.) Sijasikia! Chanda na... (Kelele za wananchi.) Eeeh. (Anakunywa maji.) Meya wenu halali, anawafikiria... (Kelele za wananchi.) Na wale wazushi waambieni, soko hili kuvunjwa ni... (Kelele za wananchi.) Meya wenu akiahidi, huwa... (Kelele za wananchi.)"

Kurasa arobaini na mbili! Nimecheka peke yangu hadi machozi. Ile ya soko nimeiandika kwa uangalifu wa pekee, kama nilivyomwahidi mke wangu. Neno kwa neno. Sikuongeza hata herufi.

Nukta alipita nyuma yangu, akasoma. Baadaye akaniambia, kaka, fikiri kabla hujagonga muhuri, mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwambia ashughulike na majitaka yake. Nimetia saini, nimegonga muhuri, nimempelekea Katibu kwa mikono yangu miwili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda kazini na suti. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nadhifu. Saa nne nikaitwa ghorofani. Meya mwenyewe! Mezani kwake kurasa zangu arobaini na mbili, na pembeni mwanasheria wa baraza, mtu mwembamba, anatabasamu bila sababu.

Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinishika mkono, akasema amesoma kumbukumbu nzima, hajapata kuona kazi safi kama ile, na kwamba hatimaye baraza limepata mwandishi...? Akanyamaza. Akanitazama. Tulikuwa watu watatu tu chumbani, na umati ulikuwa mimi! Nikasema, "Hodari." Akasema hajasikia. "HODARI!" Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Lakini cheo nimekipata! Mwandishi mkuu, kuanzia leo, na barua ninayo. Mwanasheria alifungua ukurasa mmoja aliokuwa ameukunja pembe, akaniuliza kama saini ni yangu na kama naweza kuapa kwamba Meya hakutamka neno zaidi ya hayo. Nikaapa. Kwa nini nisiape? Si ndivyo ilivyokuwa? Kisha akanipa karatasi mbili tatu za kusaini kama mwandishi mkuu. Nikasaini. Wakubwa hawasomi, wanasaini.

Kwa nini amefurahi, sielewi. Pengine aibu imemwingia. Nimempita Nukta kwenye ngazi nikipunga barua. Hakupiga makofi. Kijicho hicho!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Lahaula.

Mke wangu amerudi saa sita mchana, si kawaida yake. Mlango wa kibanda chake umechorwa msalaba mwekundu wa rangi, na milango ya vibanda vyote. Wawe wamehama kabla ya Jumatano. Viongozi wa soko walikimbilia barazani kudai ahadi ya Meya. Mwanasheria akawafungulia kumbukumbu, ukurasa wa kumi na saba. Akawaonyesha: Meya alisema soko hili kuvunjwa ni, basi, akaishia hapo. Yaliyofuata ni kelele, na baraza haliwezi kufungwa na kelele. Mwandishi mwenyewe ameapa.

Mke wangu alikuwa na nakala. Aliiweka mezani akaweka kidole juu ya saini yangu, akauliza kama naijua. Nikaanza kumweleza kifungu cha saba. Akasema miaka kumi na mmoja nimemmalizia Meya kila upuuzi wake, na siku moja tu, neno moja tu alilonisihi yeye mke wangu, ndilo nimeliacha nje. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu. Alikaa kitandani akikunja vitambaa vya wateja, na kitambaa kimoja cha bluu alikikunja mara tatu. Nimeona uchungu ambao sijui niuweke wapi. Kwa hiyo nimeuelekeza kwa Meya, maana ndiye chanzo.

Mama mkwe ndiye aliyenishangaza. Amesema neno lile alilisema yeye. Mwiko. Kwa mdomo wake, kipaza sauti kikiwa hapa, alikuwa anaonyesha kidevu. Kumbe yeye ni kelele? Miaka yote anajibu hadi koo linachubuka, kumbe ni kelele tu? Akainuka akazima redio. Tangu ahamie kwetu sijawahi kuiona redio ile imezimwa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nilikuwa na mpango madhubuti: kesho kuna kikao cha wazi kati ya Meya na watu wa soko, nami nitaileta ile sauti yenyewe ya hotuba, isikike mbele ya wote. Nikamwomba Katibu kinasa sauti. Akanitazama kwa huruma. Sauti imefutwa Ijumaa, kwa idhini ya maandishi ya mwandishi mkuu. Akanionyesha idhini. Saini nzuri sana, ina mkia. Yangu.

Jioni nikakuta nyumba imejaa watu wa soko, viatu hadi barabarani. Aliyeongoza kikao ni mama mkwe! Amesema yule mtu anamjua kuliko mkewe anavyomjua, miaka mingi amesimama mbele yake. Bila kujibiwa hawezi kwenda popote. Kesho basi, asijibiwe. Hata neno moja. Atajaribu, atatoa jasho, na redio itakuwa inarusha moja kwa moja, mji mzima unasikiliza. Mwisho atalazimika kumalizia mwenyewe, kwa mdomo wake, na hapo mwandishi ataandika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, amesema. Wote wakaitikia, isipokuwa mke wangu, aliyekuwa ananiangalia mimi. Yeye amesema nami nipo katika mpango, na kazi yangu ni nyepesi. Ninyamaze.

Hiyo tu? Mtu wa cheo changu? Nimemwambia aondoe shaka. Kazi ya kuandika nimempangia Nukta. Nataka nikae na familia yangu nimtazame Meya akiumbuka kwa macho yangu mwenyewe.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sina hamu ya kuandika. Lakini sitalala nisipoandika.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama mkwe mstari wa mbele, mke wangu katikati, mimi ubavuni mwake. Meya akaingia akitabasamu. "Mimi na nyinyi ni chanda na...?" Kipaza sauti mbele.

Kimya.

Akacheka kidogo. Hajasikia! "Chanda na...?" Kimya. Mtu mmoja alikohoa, jirani akamkanyaga. Meya akanywa maji. Akajaribu tuko pamoja, akajaribu umoja ni, akajaribu hata habari za. Hakuna aliyejibu. Ee Mungu, raha niliyoipata! Miaka kumi na mmoja nimeteseka, na sasa anateseka yeye. Shati likaanza kumganda mgongoni. Akamtazama mama mkwe, akamnyooshea kipaza sauti kama siku ile. Mama mkwe akamkazia macho, midomo ameibana.

Mwenyekiti wa soko akasimama akauliza swali moja: soko linavunjwa au halivunjwi? Meya akafuta uso. Akasema soko hili kuvunjwa ni...? Kimya. Soko hili kuvunjwa ni...? Kimya. Mwanasheria alikuwa anamtikisia kichwa anyamaze, lakini hawezi kunyamaza, ndiyo maradhi yake. Mara ya tano sauti ikamtetemeka. Akakishusha kipaza sauti, akakirudisha mdomoni kwake mwenyewe. Nikaona midomo inakutana kulianza lile neno. Nukta vidole juu ya kompyuta, anasubiri. Mke wangu akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Jumamosi, mkono wake ukiwa baridi.

Na sentensi ilikuwa inaning'inia! Soko hili kuvunjwa ni, soko hili kuvunjwa ni, mara tano! Mwili ukaniwasha. Masikio yakapiga kelele. Mtu gani anaweza kukaa na kitu kama hicho?

Nikasikia sauti kubwa imesema, "MWIKO!"

Nikageuka kutafuta mpumbavu huyo ni nani. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Meya alishusha pumzi iliyosikika redioni hadi mwisho wa mji. Akasema haya, mmesema wenyewe, ahsanteni, kikao kimefungwa. Akatoka kwa mlango wa nyuma, mwanasheria kamshika kiwiko. Mke wangu aliuachia mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja.

Nilimfuata Nukta hadi mezani kwake nikamsihi. Kama mwandishi mkuu nilimwamuru. Akanigeuzia kompyuta nisome. "Soko hili kuvunjwa ni... (Kelele za mwananchi mmoja.)" Akasema anasikitika, kaka, lakini kifungu cha saba ni kifungu cha saba. Na alikuwa anasikitika kweli, jambo lililonikera zaidi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Soko limelala chini tangu jana saa nne asubuhi. Mke wangu alisimama ng'ambo ya barabara hadi bati la mwisho, na cherehani amekipakata na kukifunika kwa kanga yake. Sikwenda. Niliambiwa nisiende.

Cherehani sasa kiko sebuleni, mahali pa meza yangu. Naandika haya nimekalia ndoo. Wateja watatu tu wamepajua nyumbani. Mama mkwe haniiti tena mkwe. Ananiita Kelele. Mwambieni Kelele aje ale. Mwambieni Kelele asogee, anaziba mwanga.

Nimetafakari kwa kina ili nijue kosa lilikuwa wapi. Ni la Meya, hilo halina mjadala. Ni la Nukta pia, angeweza kuniziba mdomo, viti vyetu havikuwa mbali. Na ni la yule muuguzi: angenipa zile wiki mbili, haya yote yasingetokea. Kwa upande wangu sioni kitu.

Jumatatu Meya anaweka jiwe la msingi la maegesho. Kurasa hamsini, chini ya hapo sitegemei. Lakini nina mpango, na safari hii hauna tundu. Nitamwandikia barua nyingine ya kwenye sanduku la maoni. Kwa mkono wa kulia! Hakuna atakayenishuku, maana wanamtafuta mtu wa mkono wa kushoto.

Asubuhi, kabla hajaketi kushona, mke wangu alisimama mlangoni akanitazama kwa muda mrefu, juu hadi chini, mimi na ndoo yangu. Akasema, "Mume wangu, wewe ni..." Akaishia hapo, akaingia ndani.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu saa mbili. Imeniwasha siku nzima. Sasa hivi nimeimalizia.

Hodari.